UZI: Ukifuta tawi la Git na kulitengeneza upya kwa jina lilelile, kompyuta za wenzako bado zinalikumbuka la zamani

Mleta uzi:

Wakuu habari za muda huu. Kila siku naona mtu anauliza swali la Git (programu ya kutunza historia ya kodi), tawi lake limevurugika, migongano imejaa, na jibu la kwanza analopewa ni "futa hilo tawi utengeneze jingine jina hilohilo, uendelee na kazi". Na mimi nimewahi kuutoa ushauri huo kwa watu wengi tu. Leo naomba niueleze vizuri maana kuna sehemu ya ushauri ile haisemwi na ndiyo inayoumiza watu.

Nianze na kilichonipata. Tulikuwa timu ya watu sita, tuna tawi linaitwa majaribio, kila mtu anaunganisha kazi yake humo ili ionekane kwenye seva ya majaribio kabla haijaingia main (tawi kuu). Baada ya miezi kadhaa lile tawi likawa limebeba vitu vingi vilivyokwisha kuachwa, mtu alianza kitu hakikumalizika, mwingine alibadilisha meza za database halafu tukakubaliana tusifanye hivyo, yote bado yamo. Ijumaa jioni nikasema ngoja nilisafishe:

```
git switch main
git pull
git branch -D majaribio
git push origin --delete majaribio
git switch -c majaribio
git push -u origin majaribio
```

Ikapita bila shida hata moja. Tawi jipya, safi, sawasawa na main. Jumatatu mwenzetu aliyekuwa likizo akarudi, akafungua kompyuta, akaingia majaribio akapiga git pull kama anavyofanya siku zote, akaona Git inamwandikia ameunganisha, hakuna mgongano, akaongeza kazi yake ndogo akapushi (akaipeleka kwenye seva). Dakika ileile kila nilichokitupa Ijumaa kikarudi kwenye seva, pamoja na yale mabadiliko ya database yaliyoachwa, na kwa kuwa seva ya majaribio ilikuwa inajiendesha yenyewe kila kikipushiwa kitu, yakaendeshwa. Siku nzima tunatafuta nani karudisha, na yule ndugu wa watu hakukosea chochote, alifanya jambo la kawaida kabisa. Kosa lilikuwa langu, kulibadilisha tawi na kutomwambia.

Sasa kwa nini ilitokea hivyo. Tawi kwenye Git siyo folda ya kazi wala siyo kopi ya mafaili. Ni jina linaloelekeza kwenye komiti moja (hatua moja ya kazi iliyohifadhiwa), basi. Ukifungua `.git/refs/heads/majaribio` utakuta faili lenye hashi (utambulisho wa komiti) ya herufi 40 na alama ya mwisho wa mstari, baiti 41 jumla (wakati mwingine hulikuti kwa sababu Git imeyakusanya majina yote kwenye faili moja la `packed-refs`, usishtuke). Kwa hiyo ukifuta tawi umefuta jina. Komiti zenyewe bado zipo ndani ya ripo (hazina ya mradi), hakuna aliyezigusa.

Na jina hilo haliko sehemu moja. Liko kwenye seva, liko kwenye kompyuta yako kama `majaribio`, halafu liko tena kwenye kompyuta yako kama `origin/majaribio`, ambayo ni kumbukumbu ya mahali seva ilipokuwa mara ya mwisho mlipowasiliana. Piga hesabu kwa watu sita: moja la seva, na mawili kwa kila mtu, ni majina 13. Zile komandi zangu zilifuta matatu (ukifuta la seva kwa push, Git inaondoa na `origin/majaribio` ya kwako hapohapo). Yalibaki 10 kwenye kompyuta za watu wengine yakielekeza kwenye historia ya zamani, na mimi nikaondoka nikijua kazi imekwisha!

Kwa yule mwenzetu, git pull ni vitu viwili, inaleta mapya kutoka seva halafu inaunganisha na ulichonacho. Alichonacho ni majaribio ya zamani. Git haina namna ya kujua kwamba majaribio ya leo siyo majaribio ya wiki iliyopita, kwake ni jina moja ambalo historia zake zimeachana, kwa hiyo ikaziunganisha zote mbili. Na alipopushi, seva ikakubali bila kuuliza, kwa sababu komiti yake ya kuunganisha ilikuwa imeshalibeba lile tawi jipya ndani yake, hapakuwa na kitu kinachopotea kwa mtazamo wa seva.

Kuanzia Git 2.33 ya mwaka 2021, pull ya kawaida ikikuta historia zimeachana inakataa, inakwambia uchague mwenyewe unataka kuunganisha au kufanya rebase (kuzihamishia komiti zako juu ya zile za seva). Ni ulinzi mzuri sana. Tatizo ni kwamba matoleo ya kabla ya hapo yalikuwa yanatoa onyo refu linalochosha, na watu wengi kulinyamazisha waliweka `pull.rebase false` kwenye mipangilio yao ya jumla, na ule mpangilio bado umo mpaka leo. Ukiwa nao ulinzi huo huna. Angalieni kwenu: `git config --get pull.rebase`

Kwa hiyo ninachokisema mimi ni hiki. Kufuta tawi, futa bila hofu. Kutengeneza jipya, tengeneza. Lakini kama tawi limeshawahi kupushiwa na kuna mtu mwingine amelichukua, lipe jipya jina jingine. `majaribio-2`, `login-mpya`, vyovyote. Jina jipya haligombani na kumbukumbu ya mtu yeyote. Yule mwenzetu angepiga pull kwenye majaribio ya zamani angeambiwa halipo kwenye seva, angeuliza, angejibiwa, yamekwisha.

Kama jina lazima libaki lilelile kwa sababu seva inalisoma kwa jina, basi waambie watu KABLA, na kila mmoja afanye hivi, siyo pull:

```
git fetch --prune
git switch majaribio
git reset --hard origin/majaribio
```

Hiyo ya mwisho inafuta kila ambacho hujakipushi kwenye hilo tawi na kila badiliko ambalo hujaliweka kwenye komiti, kwa hiyo kabla ya kuipiga angalia `git log origin/majaribio..majaribio` uone kama kuna komiti zako mwenyewe humo, kama zipo zipe jina kwanza: `git branch akiba-yangu`. Sekunde mbili tu.

Kitu kingine, tofauti ya `-d` na `-D`. Watu wamezoea herufi kubwa. Herufi ndogo inaangalia kwanza kama komiti za tawi zimeshaingia kwenye tawi la seva linalofuatwa, na kama halifuati tawi lolote inaangalia hapo ulipo, zikiwa hazimo inagoma. Kubwa haiangalii chochote. Najua kwa nini watu wanakimbilia kubwa, ni kwa sababu puli rikwesti (maombi ya kuingiza kazi kwenye tawi kuu) nyingi siku hizi zinaunganishwa kwa squash, komiti zote kumi zinakandamizwa zinakuwa moja mpya yenye hashi yake, na tawi la seva likishafutwa na kumbukumbu yake kusafishwa, Git ikitazama tawi lako haioni komiti zako popote kwenye main, inakukatalia ingawa kazi yako yote imeingia. Hapo sawa, tumia kubwa, lakini uwe umehakikisha kwa macho kwamba imeingia. Na ndiyo hapo pia ambapo tawi lazima uliache. Ukiendelea na kazi juu ya tawi lililokwisha kukandamizwa, puli rikwesti inayofuata itazibeba tena zile komiti kumi za zamani na utapigana na migongano ya kazi yako mwenyewe. Anza jipya kutoka main.

Naishia hapa kwanza, wenye uzoefu ongezeeni.

---

Mchangiaji wa 1:

Mkuu umekuja wakati muafaka, naandika hapa nikiwa na hali mbaya. Jana usiku nilikuwa nasafisha matawi, nikapiga `git branch -D` kwenye matawi kama manane kwa mpigo, kumbe mojawapo ni la malipo, kazi ya siku tatu sijawahi kuipushi. Taminali nimeshaifunga na kompyuta nimeizima. Kesho nakabidhi. Kuna namna au niandike upya usiku huu?

Mleta uzi:

Ndugu yangu usiandike upya, tulia kwanza. Maswali mawili: ulikuwa unaweka komiti, au mabadiliko yalikuwa yanakaa tu kwenye mafaili? Na ni kompyuta ileile na folda ileile, hujafanya clone (kuishusha ripo nzima kutoka seva) upya?

Mchangiaji wa 1:

Komiti nilikuwa naweka, kama saba hivi. Folda ni ileile.

Mleta uzi:

Basi kazi yako ipo. Ulipofuta, Git ilikuandikia jina la tawi na mwanzo wa hashi yake, ila umefunga taminali kwa hiyo tunapita njia nyingine. Kila tawi lina daftari lake la safari linaitwa reflogi, na la tawi lililofutwa linafutwa pamoja nalo, lakini kuna daftari jingine la HEAD, yaani la mahali wewe ulipokuwa umesimama siku zote, na hilo halifutwi na `-D`. Piga:

```
git reflog
```

Tafuta mstari unaosema umehama kutoka malipo kwenda kwingine, ile `moving from malipo to main`. Hashi ya mstari huo ni ya main, ulikokwenda. Unayoitaka ni ya mstari unaofuata CHINI yake, maana orodha inaanza na ya karibuni. Ukishaipata:

```
git branch malipo hashi_uliyoiona
```

Usipige `git gc` wala komandi yoyote yenye prune (zote ni za kusafisha) mpaka umalize. Kwa mipangilio ya kawaida Git inaziweka rekodi za komiti zisizo na jina siku 30 kabla ya kuziachia, zilizo na jina siku 90, kwa hiyo jana usiku ni karibu mno, una muda wa kutosha. Rudi utuambie.

---

Mchangiaji wa 2:

Mada nzuri ila sikubaliani na sehemu moja. Kwa nini ufute kabisa? Mimi tawi likiharibika naliriset palepale nilipo, `git switch -C majaribio main`, halafu napushi kwa nguvu. Hakuna kufuta, jina halitoki kwenye seva hata sekunde moja.

Mleta uzi:

Kwa wenzako matokeo ni yaleyale mkuu, historia imebadilika chini ya jina moja na pull zao zitagombana vilevile. Ila una hoja, na kwenye jambo moja njia yako ni bora kuliko ya kwangu. Kama tawi lina puli rikwesti iliyo wazi, ukilifuta kwenye seva GitHub (tovuti inayohifadhi ripo) inaifunga hapohapo. Ukilitengeneza upya kwa jina lilelile likiwa na komiti tofauti, huwezi kuifungua tena, inakwambia tawi limetengenezwa upya, maoni yote ya waliokagua yanabaki kwenye rikwesti iliyofungwa na unaanza nyingine. Ukipushi kwa nguvu bila kufuta, rikwesti inabaki wazi.

Lakini tafadhali usitumie `--force` mtupu. Tumia `--force-with-lease`, ipo tangu Git 1.8.5 ya mwaka 2013. Inaiambia seva "badilisha endapo tu bado uko pale nilipokuona mara ya mwisho", kama kuna mtu amepushi katikati inakataa. Na kuna mtego wake: ukipiga `git fetch` (kuleta mapya kutoka seva bila kuunganisha) kabla tu ya kupushi, kumbukumbu yako ya seva inakuwa mpya, kwa hiyo inakubali hata kama hujaitazama kazi ya yule mtu. Watu wenye programu za kuandikia kodi zinazofetchi zenyewe kila dakika chache wawe makini sana hapo.

Mchangiaji wa 2:

Hilo la fetchi ya nyuma sikulijua, yangu inafetchi yenyewe. Naenda kuizima sasa hivi.

---

Mchangiaji wa 3:

Mimi yangu ni tofauti kidogo. Kulikuwa na tawi `login`, likafutwa kwenye seva, mwenzangu akatengeneza `login/fomu` na `login/seshen`. Sasa mimi kila nikifetchi naletewa kosa la `cannot lock ref`, na wengine kwao inakubali. Nimefikia hatua ya kufikiria kufuta folda yote ni-clone upya.

Mleta uzi:

Usifute. Kumbuka nilivyosema tawi ni faili. Wewe kwenye kompyuta yako bado una faili linaloitwa `origin/login`, kumbukumbu ya lile lililofutwa, na sasa Git inataka kutengeneza folda inayoitwa `login` mahali palepale ili iweke `fomu` na `seshen` ndani. Faili na folda haviwezi kuwa na jina moja sehemu moja. Wenzako ambao kwao inakubali hawana ile kumbukumbu, ama waliisafisha ama hawakuwahi kulichukua lile tawi.

```
git remote prune origin
git fetch
```

Ukiwa na tawi lako mwenyewe la `login` pia, lifute au libadilishe jina kwa `git branch -m`, vinginevyo hutaweza kuingia kwenye hayo mapya. Na ukitaka kusafisha kuwe kunafanyika siku zote bila kukumbuka: `git config --global fetch.prune true`. Hii haifuti matawi yako, inafuta tu kumbukumbu za matawi ya seva ambayo hayapo tena.

Ndugu yake wa tatizo hili ni herufi kubwa na ndogo. Kwenye Windows na Mac kwa kawaida `Login` na `login` ni faili moja, kwenye Linux ni mawili. Mtu wa Linux akifuta `Login` na kutengeneza `login`, wa Windows anaweza kuona mambo ya ajabu. Dawa ni ileile ya prune.

Mchangiaji wa 4:

Naomba kuongezea kuhusu `git pull --rebase`, yaani pull inayofanya rebase badala ya kuunganisha. Kuna watu watakuja kusema kwao tawi likitengenezwa upya hawapati shida kwa sababu wanatumia rebase. Ni kweli mara nyingi, kwa sababu rebase inasoma reflogi ya `origin/majaribio`, inaona kumbe zile komiti za zamani zilitoka seva na siyo zako, inaziacha, inabeba za kwako tu. Lakini kama kati ya kufutwa na kutengenezwa upya mtu huyo alifetchi na prune, ile kumbukumbu imefutwa na reflogi yake, kwa hiyo rebase inakosa pa kusoma na inaziona komiti zote kama zake. Zinarudi zote. Nimeyaona haya kwa macho yangu, watu wawili timu moja mipangilio ileile, mmoja yuko salama mwingine karudisha uchafu wote, tofauti yao ni nani alifetchi siku gani.

Mleta uzi:

Mkuu asante sana, hii naihifadhi. Hapo ndipo ninaposhikilia jina jipya, maana huwezi kujua nani kafetchi lini.

---

Mchangiaji wa 5:

Sisi wa zamani wa Subversion (mfumo wa kutunza kodi uliokuwapo kabla ya Git) tulilelewa kwenye kufuta na kutengeneza upya, ilikuwa ndiyo kanuni. Toleo la 1.5 la mwaka 2008 lilileta `--reintegrate`, ukishalirudisha tawi kwenye trunk (tawi kuu la kule) kwa njia hiyo tawi halikufai tena kuendelea nalo, unalifuta unakopi trunk upya kwa jina lilelile. Mpaka 1.8 ya mwaka 2013 ndipo tukapumzika. Lakini hatukuwa na hofu ya kupoteza hata kidogo, kwa sababu tawi pale ni folda kwenye seva na kulifuta ni rivishen (badiliko lenye namba yake) kama rivishen nyingine, unalirudisha muda wowote hata baada ya miaka kwa kukopi kutoka rivishen ya kabla:

```
svn copy ^/branches/login@412 ^/branches/login -m "kurudisha tawi"
```

Mleta uzi:

Mzee wangu shikamoo, na asante kwa hii. Nadhani ndiyo mahali tabia yenyewe ilipotoka, watu walihama kuja Git na kanuni ile mkononi, lakini kule seva ilikuwa moja na historia moja, huku kila mtu ana ripo nzima kwake. Mercurial nayo iko upande mwingine kabisa, jina la tawi linaandikwa ndani ya komiti yenyewe na halifutiki, unalifunga tu kwa `hg commit --close-branch`. Vyombo vitatu, neno tawi ni moja, maana tatu.

Kwa anayetaka usalama wa aina ya Subversion kwenye Git, kabla ya kufuta tawi la maana liwekee tagi (jina la kudumu la komiti) na uipushi:

```
git tag kumbukumbu/login login
git push origin kumbukumbu/login
```

Komiti ikiwa na tagi haisafishwi kamwe, hata miaka kumi.

---

Mchangiaji wa 1:

Wakuu nimerudi!! Reflogi ilikuwa ndefu, mistari zaidi ya mia, nikachanganyikiwa mwanzoni maana nilihama kutoka malipo mara nyingi siku ile na kila mstari unafanana. Nilichofanya nikachukua ule wa juu kabisa wenye `moving from malipo`, nikashuka mmoja, nikapiga `git log` na ile hashi kuangalia kabla ya kutengeneza tawi. Komiti zote saba zipo, ya mwisho ni ya saa nne usiku. Nimetengeneza tawi na nimelipushi hapohapo kabla hata sijaandika hapa. Mkono bado unatetemeka. Asante sana mleta uzi, Mungu akubariki.

Mleta uzi:

Alhamdulillah. Kalale sasa, kesho ukabidhi. Na yale matawi mengine saba uliyoyafuta pamoja nalo, yapitie kwenye hiyohiyo reflogi kabla ya siku 30 hazijaisha, uone kama hakuna jingine ambalo hukuwahi kulipushi.